Neno Lililojaza Betri

Jioni, Mama Miwani alipokuwa anasuuza vikombe, kile kioo kidogo cha chaji kilichobandikwa juu ya sinki kilisoma asilimia hamsini na nne. Alikumbuka vizuri, kwa sababu mteja wake wa mwisho siku ile alikuwa bwana wa miaka hamsini na minne aliyeapa kwamba macho yake ni mazima, ila waandishi wa siku hizi ndio wanaoandika herufi ndogo. Asubuhi, kabla jua halijachomoza, alirudi kwenye sinki lile lile kunawa uso. Kioo kilisoma tisini na moja.

Alisimama, maji yanamchuruzika kidevuni. Akafuta miwani yake kwa ncha ya taulo, akatazama tena. Tisini na moja.

Mtu mwingine angefurahi. Yeye aliingiwa na ubaridi moyoni.

Gari lile ndilo lilikuwa nyumba yao na duka lao. Nyuma kulikuwa na kitanda cha watu wawili chenye pazia, katikati sinki, jiko la gesi na friji dogo, na mbele, mgongoni mwa kiti cha dereva, benchi refu ambalo usiku liligeuzwa kitanda cha mtu mmoja. Juu ya paa zililala paneli mbili za sola. Mchana paneli zilivuna jua na kulipeleka kwenye betri mbili kubwa zilizofungiwa ndani ya sanduku chini ya benchi, na betri ndizo zilizolisha taa, feni, pampu ya maji na friji. Usiku jua halipo na friji halilali, kwa hiyo kila kukicha lazima ukute chaji imepungua. Ikipungua kupita kiasi, una shida. Lakini ikiongezeka gizani, injini imezimwa na paneli zimelala, basi kuna mtu ameingiza umeme kutoka mahali.

Hayo alifundishwa na mumewe. Mumewe aliitwa Fundi na kila mtu, hata na mama mkwe wake, kwa kuwa alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo miaka ishirini na sita, mpaka kiwanda kilipofungwa. Kila waya wa gari lile aliupitisha kwa mkono wake. Mama Miwani alipima macho na kuuza miwani, Fundi aliendesha na kutunza mitambo, wakawa wanazunguka miji na masoko, wiki hapa, wiki kule.

Kilichowakosesha raha kilikuwa friji. Mama Miwani alikuwa na kisukari cha kudungwa sindano, na insulini yake ilitakiwa ikae kwenye baridi. Karibu miezi minne nyuma, betri, ambazo zilikuwa zimechakaa, zilikufa njiani kwenye joto la kupasua kichwa. Dawa iliharibika bila wao kujua. Alijidunga kitu kisicho na nguvu siku tatu, ya nne akaanguka, akalazwa siku tisa hospitali. Alipotoka, Fundi alimwambia amezisafisha betri na kukaza vifungo vyake, sasa ziko sawa. Na kweli zilikuwa sawa. Toka siku ile friji halikuzima hata mara moja. Na toka siku ile, sasa ndipo alipolitia maanani, Fundi alizoea kutundika kofia yake juu ya kile kioo cha chaji, kikawa kimefunikwa usiku na mchana. Jana kofia ilianguka nyuma ya jiko na hakuna aliyeiokota.

Alimwita mumewe, akamwonyesha. Fundi alikuja na soksi moja mguuni. Alikitazama kioo kwa muda mfupi mno, muda wa mtu anayejua atakachokiona, kisha akainama, akatafuta kofia yake, akaitundika mahali pake. Alisema kioo kimeharibika, kinasoma uongo.

"Usikiangalie," alisema. "Kitakutia wasiwasi bure."

Akageuka kwenda kutafuta soksi ya pili.

Mwanzoni Mama Miwani alifikiri ni wizi. Walikuwa wameegesha kando ya soko, na ukutani mwa ofisi ya soko palikuwa na soketi ya nje. Fundi ana waya mrefu wa kuchukulia umeme wa nje, na mtu aliyewahi kumwona mkewe amezirai anaweza kuamka usiku akafanya jambo la aibu. Aliona haya kwa kumfikiria hivyo, lakini alikwenda kuangalia. Waya ulikuwa umekunjwa ndani ya boksi lake nyuma ya gari, una vumbi kidole kizima, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka mkunjo mmoja hadi mwingine. Haukuwa umeguswa miezi.

Basi alianza kuangalia. Kila Fundi akitoka, yeye aliinua ukingo wa kofia, akaandika alichokiona nyuma ya kadi ya kupimia macho. Usiku ilipanda. Asubuhi, wote wakiwa macho, ilishuka kidogo kidogo, hata jua likiwa kali. Mchana, baada ya kula, ilipanda tena kwa kasi. Alikuwa ameandika siku nne kabla hajaona kilicholingana na saa zile. Chaji ilipanda wakati mdogo wake amelala.

Mdogo wake walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mcheshi, mwenye mashavu, aliyekuja kuwasaidia kukata lenzi na kuzipachika kwenye fremu baada ya kampuni aliyokuwa akifanyia kazi kupunguza watu. Alikuwa na siku arobaini tu ndani ya gari. Sasa mashavu yalikuwa yameingia ndani. Mchana wa jua alijifunika sweta, akasema ana baridi na mdomo una ladha ya msumari. Akikata lenzi mbili ilimlazimu kukaa. Mama Miwani alimpima sukari, akampeleka akapimwe malaria na damu, kote wakaambiwa hana kitu. Na Kitinda alilala kwenye benchi, juu ya sanduku la betri.

Kabla hajaja, aliyelala pale alikuwa Fundi mwenyewe. Alipotoka kumchukua mkewe hospitali alisema kitanda kinamuumiza mgongo, akahamia benchi. Miezi miwili na ushee alilala pale, akakonda, akaota mvi kama mtu aliyemwagiwa unga, na Mama Miwani alidhani ni mawazo. Siku ileile Kitinda alipofika, mgongo ukapona. Alirudi kitandani kwa mkewe, akanenepa. Jambo hilo Mama Miwani aliligeuza kichwani siku nzima, na kila alivyoligeuza lilizidi kumkaa vibaya.

Kesho yake aliamka alfajiri, akakuta upande wa mumewe ni mtupu. Nyuma ya pazia kulikuwa na minong'ono.

"Shemeji, umemwota tena?" Hiyo ilikuwa sauti ya Fundi, ya chini, ya kubembeleza.

"Nimemwota."

"Alikaa mbali?"

"Alikaa hapa."

Kijiko kikagonga kikombe. "Kunywa maziwa, nimekutilia mayai mawili. Tafadhali, dada yako asijue."

Mama Miwani alijilaza akakodolea macho dari. Mwanamke yeyote angeyasikia maneno hayo kama alivyoyasikia yeye. Mume wake na mdogo wake, toka nitoke, pua na mdomo ndani ya gari lisilozidi hatua sita. Aliuma shuka asitoe sauti. Palipokucha aliwatazama wote wawili kwa jicho la pembeni, na kweli Kitinda hakuweza kumwangalia usoni. Ila hata ndani ya wivu wake kitu kimoja hakikukaa sawa: wapenzi hawaulizani yule mwingine alikaa mbali au karibu.

Siku hiyo alifika mteja mzee, mwanamke mfupi mwenye mgongo ulionyooka, aliyekuwa mkunga hospitalini kwa muda mrefu kabla hajastaafu na ambaye, wachuuzi walisema, watu walimwendea pia kwa mambo mengine ambayo hospitali haiyaandikii cheti. Alitaka miwani ya kusomea. Alitia mguu mmoja kwenye ngazi ya gari, akautoa. Alisema angependa apimwe nje. Mama Miwani akamwambia ndani kuna nafasi ya kutosha.

"Hapana, mwanangu. Mko wengi humo."

"Tuko watatu tu, bibi."

Mkunga alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, akasoma herufi mpaka mstari wa tano, akachukua miwani yake. Wakati wa kuondoka aliuliza nani anayelala mbele. Alipojibiwa, akaelekeza nyumbani kwake: nyuma ya kinu cha unga, mlango wa kijani, na kwamba yeye hutoka nyumbani mara chache.

Mama Miwani aliamua kujionea. Kesho yake alimtuma Fundi mji wa jirani kuchukua fremu kwa muuzaji wa jumla, safari ya kutwa. Fundi alisitasita, akauliza mara mbili kama haiwezi kungoja. Alipokwisha kwenda, Mama Miwani alipanda ngazi ya nyuma akazifunika paneli zote mbili kwa blanketi zito, akaweka mawe pembeni lisipeperuke. Alizima inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani. Alikata swichi ya paneli. Sasa hakukuwa na njia hata moja ya umeme kuingia ndani ya betri zile. Walikula mchana, Kitinda akala vijiko vitatu, akajinyoosha kwenye benchi, akalala kabla dada yake hajamaliza kuondoa sahani.

Mama Miwani alivua kofia kwenye kioo, akaketi kwenye kigoda karibu na sinki. Ilikuwa saa nane, jua lilikuwa limesimama juu ya paa, na huko nje sokoni watu walikuwa wanavutana bei kama siku zote. Kioo kilisoma sitini na mbili.

Kwanza ilikuja harufu, ya chuma kilichopashwa moto, kisha ya nywele. Halafu inveta, ambayo taa yake ilikuwa imezimika na ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameizima, ikaanza kuvuma, mvumo wa chini kama wa mtu anayeimba amefunga mdomo. Kioo kikasoma sitini na tatu. Ndani ya mvumo ule mlikuwa na sauti nyingine, ndogo, ya mpigo, na ilimchukua muda kuitambua, kwa kuwa aliwahi kuisikia kwa watoto wachanga tu: ilikuwa sauti ya kunyonya, mkupuo na pumziko, mkupuo na pumziko, na kila mkupuo kifua cha Kitinda kilishuka kidogo na hakikurudi kilipokuwa. Sitini na tano. Alibaki amekodoa macho kwenye godoro la benchi, pale penye nafasi kati ya magoti ya mdogo wake na ukuta, pasipokuwa na mtu, na pale godoro likabonyea, taratibu, upana wa makalio ya mtu mzima, kama mgeni aliyechoka anavyojishusha asimwamshe mgonjwa, na nywele za Kitinda zilizokuwa zimemwangukia usoni zikainuka zenyewe, uzi baada ya uzi, zikaelekea upande wa kile kilichoketi, zikasimama hivyo hewani bila upepo, huku namba juu ya sinki zikipanda sitini na nane, sitini na tisa, sabini.

Hakujua alipata wapi nguvu. Alimvuta mdogo wake mkono, akamburura mpaka kitanda cha nyuma. Mkono ule ulikuwa baridi kama umetoka ndani ya friji. Mvumo ukakatika. Godoro la benchi likainuka.

Kitinda alifumbua macho, akaona uso wa dada yake, akajua ameona. Mama Miwani alimuuliza ni nini kile, kimeanza lini, Fundi anajua nini. Mdogo mtu aligeukia ukutani.

"Usinihoji, dada," alisema. "Umepona, si umepona? Basi usinihoji."

Jioni hiyo Mama Miwani alimpangishia chumba cha wageni karibu na soko, walale huko mlango wameukomea, kisha akaenda kubisha ule mlango wa kijani. Fundi aliporudi na fremu zake alikuta gari limefungwa, na mkewe amesimama nje na yule Mkunga. Hawakumruhusu aseme kitu. Mkunga alimwambia aje kesho saa nne asubuhi, anywe chai kabisa, maana atazungumza sana.

Saa nne Fundi alikuja. Alionekana hajalala. Mkunga alikuwa amekwisha agiza dawa zitolewe kwenye friji, na Mama Miwani alikuwa amezipanga ndani ya ndoo ya barafu aliyoinunua kwenye duka la soda. Kitinda alikalishwa kwenye ngazi ya gari, amejifunika shuka mbili. Mkunga hakuwa na chetezo wala tunguri, alikuwa na miwani yake mipya tu na kitambaa cheupe. Alimuuliza Fundi swali moja: alisema neno gani, na alilisema wapi.

Fundi alijaribu kuzungumzia vifungo vya betri. Kisha akamwona mkewe anavyomwangalia, akaacha.

Alieleza kwamba siku ya pili Mama Miwani akiwa amelazwa, hospitali ilimpa dawa mpya za miezi mitatu, na yeye hakuwa na betri za kuzitunza wala njia ya kupata nyingine. Alifungua sanduku, akapiga magoti mbele ya betri zile mchana kweupe, akalia. Alisema kwa sauti, yuko peke yake, kwamba mwenye uwezo wa kuzijaza betri hizi azijaze, malipo yake atajichukulia humu humu ndani. Hakuwa amemaliza kujifuta machozi inveta ikawaka. Siku hiyo alisinzia kwenye benchi, akaamka hoi kama mtu aliyetoka kuugua wiki mbili, na chaji imejaa. Hapo akaelewa malipo ni nini.

"Nililipa mwenyewe," alisema, macho yake kwenye vumbi. "Mama, nililipa siku sabini. Moyo ukaanza kuruka mapigo. Nikajua nikifa utakufa na wewe, nani atakuendesha, nani atakuangalia. Halafu shemeji akaja, ana afya. Nikasema siku tatu tu, nipumzike, kisha nirudi."

Kitinda alikuwa anatazama miguu yake. Mama Miwani aliona kwamba angekuwa amefumania mapenzi ingekuwa nafuu, kwa maana mapenzi angeweza kuyapigia kelele.

Mkunga alimwambia Fundi afungue sanduku na afungue nyaya kwenye betri, zote, nyekundu na nyeusi. Alifungua. Kitinda akalazwa kwenye benchi mara ya mwisho, kichwa chake kimekingwa kwa kile kitambaa cheupe. Mkunga akamwamuru Fundi alirudishe neno lake kwa kinywa kile kile, na aseme lote, asiruke hata herufi.

Fundi alianza. Alipofika "malipo yake atajichukulia," taa zote za gari ziliwaka, ilhali nyaya zilikuwa zimening'inia mkononi mwake, feni ikazunguka, pampu ya maji ikaanza kugugumia ndani ya ukuta, na mdomo wa Kitinda ukafunguka, yeye mwenyewe amelala fofofo, sauti ikatoka humo ya mvumo ule ule, lakini sasa ikiwa imejifunza maneno, ikasema haijaiba, ikasema iliitwa ikaitika, ikasema imejaza kila siku na haijawahi kupunja, na ikamuuliza Fundi kwa upole, kama mwenzake wa kazi, ni siku gani imekosa. Mkunga alimshika Fundi bega, akamwambia amalize. Akamaliza. Alisema analirudisha, hadai wala hadaiwi, na asiyekuwa wa humu ndani atoke.

Taa zilififia. Betri zilivimba mbavu kama zinavuta pumzi, moja ikapasuka pembeni, tindikali ikachuruzika sakafuni ikichemka, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka mlangoni kwa nguvu ya upepo hata mwavuli wa nje ukaanguka. Kisha kukawa kimya cha kawaida, chenye kelele za soko.

Kitinda alikuwa na joto. Mama Miwani alimshika mikono, shingo, miguu, kote akakuta joto, akaanza kulia kwa furaha. Mkunga alikuwa amebaki mlangoni, ametega sikio.

"Neno la huyu limerudi," alisema. "Kuna mwingine aliyesema neno?"

"Hakuna, bibi," Mama Miwani alijibu haraka. "Ni yeye tu."

Mkunga alikunja kitambaa chake, akaondoka.

Waliachana na gari. Lilivutwa hadi kwenye yadi ya fundi wa bodi, na Fundi akabaki kulala huko huko kama mlinzi wake. Mama Miwani hakumwacha wala hakumrudia. Alipanga vyumba viwili kwenye mtaa wenye shughuli, cha mbele cha kupimia macho, cha nyuma cha kulala yeye na mdogo wake. Alinunua friji dogo, akalichomeka kwenye umeme wa mtaa kama watu wengine, akapanga dawa zake humo. Siku za Jumapili Fundi alikuja, akasimama mlangoni, akauliza habari zao, akajibiwa kwamba ni nzuri, akarudi alikotoka. Kitinda alirudisha mashavu. Mwezi mzima alicheka na wateja, akawaambia wazee kwamba fremu nyekundu zinawafanya waonekane wachumba.

Halafu alianza tena kulala mchana. Mama Miwani alijiambia ni joto.

Wiki ya sita, mchana, transfoma ya mtaa iliungua. Ulisikika mlipuko mmoja, kisha kila kitu kikanyamaza: kinu cha unga, redio ya muuza mikate, cherehani za umeme. Kinyozi wa mtaa wa pili alitoka nje na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, mtaa mzima ukacheka. Jirani alikuja akasema transfoma mpya inatoka mbali, itachukua siku tano, pengine wiki, na wenye maduka ya soda walikuwa wanauza barafu yao ya mwisho wakati huo huo. Mama Miwani alikimbilia chumba cha nyuma kuangalia dawa zake.

Kabla hajafika alilisikia friji. Lilikuwa linavuma.

Alifikiri labda upande wao umeme upo. Akabonyeza swichi ya taa, haikuwaka. Akainama, akashika waya wa friji, akauchomoa ukutani. Alisimama na plagi mkononi, na friji likaendelea kuvuma. Akafungua mlango wake. Taa ya ndani ilikuwa inang'aa, na vichupa kumi na kimoja vilikuwa vimesimama mstari mmoja, vina jasho la baridi.

Kitanda cha Kitinda kilikuwa kimesukumwa ukutani, kichwa chake kikielekea mgongo wa friji. Alikuwa amejifunika mpaka shingoni. Alikuwa macho.

"Shemeji alisema lake," Kitinda alisema taratibu. "Na mimi nilisema langu."

"Lini?"

"Usiku wa tatu toka nije. Yule anayekuja kukaa benchini aliniuliza kama nataka dada yangu aishi. Ningemjibu nini?"

Mama Miwani alimuuliza, kwa sauti iliyokuwa inamkimbia, kwa nini hakusema siku ile Mkunga alipouliza.

"Ulijibu wewe," alisema Kitinda.

Mama Miwani alimwambia ainuke, avae, waende kwa Mkunga sasa hivi, akalirudishe neno lake lote. Kitinda hakukataa. Alisema atakwenda, atasema lolote atakaloambiwa. Aliuliza tu kama umeme unarudi leo. Aliuliza na kama barafu ipo. Dada yake alikuwa amesimama katikati ya friji na kitanda, anahesabu kichwani siku zilizobaki mpaka hospitali impe dawa nyingine, na zilikuwa thelathini na nane.

"Unaacha mlango wazi, dada," Kitinda alisema, kope zinamwelemea. "Baridi inatoka."

"Kesho asubuhi," alisema Mama Miwani. "Asubuhi na mapema tunakwenda. Kesho tu."

"Haya. Kesho."

Kitinda alifumba macho. Nywele zake zikaanza kuinuka kwenye mto, uzi mmoja, kisha mwingine. Mama Miwani alitazama pembeni, akausukuma mlango wa friji polepole, akahakikisha umebana.